Debe Nyuma ya Magunia

Mwanangu Restituta,

Mambo ya sweta, ya kuchemsha maji, na ya kutompa mtu usiyemjua mzigo wako akushikie, mama yako ameyamaliza yote wakati wa kula. Nilikuona ulivyokuwa unaitikia huku mdomo umejaa dagaa. Mimi hapo sina la kuongeza. Hii barua ni ya jambo jingine, nimeshindwa kukwambia uso kwa uso, mimi baba yako, mtu ambaye mji mzima wa Songea unajua kwamba mdomo wake haujawahi kuomba likizo.

Nilitangulize kabisa, maana nikianza kuzunguka sitafika. Hicho kikundi unachokwenda kupiga nacho vayolini huko Dar wanataka kukutangaza kwa maneno ya uongo. Na hayo maneno niliwapa mimi. Bango linachapwa Jumatatu. Wewe unasafiri kesho Ijumaa. Kwa hiyo bado kuna nafasi, lakini nafasi hiyo ni yako, si yangu. Sasa shika kiti ulichokalia nikueleze vizuri.

Unanijua. Nimesoma darasa la saba, lile la zamani, ambalo ukilipima na baadhi ya vyuo vya siku hizi sijui upande upi wa mizani utanyanyuka. Lakini nimetembea, na gari langu la matangazo lenye honi za spika juu. Nimetangaza salfa kwa wakulima wa korosho Tunduru, mpaka muadhini mmoja akanifuata garini akaniambia kwa upole kabisa, mzee, naomba tugawane hewa. Nimetangaza mbolea Madaba kwenye baridi ya kutoa moshi mdomoni, watu wakadhani gari linaungua. Sumu ya panya niliyoitangaza hapa mjini, siapi, lakini wako panya waliohama Mjimwema kabla mzigo haujashushwa dukani. Kazi hii ina sheria moja tu, nayo nilijifundisha mwenyewe: usiache kimya kiingie. Kimya kikiingia, mteja anakumbuka kuwa ana haraka.

Na sheria hiyo ndiyo iliyotuletea aibu ile ya ukumbi wa parokia. Unaijua, ulikuwepo, tena wewe ndiye uliyesimama mbele. Ila hujawahi kuisikia kutoka kwa aliyeshika maiki.

Uliniambia, baba, waambie watu kwamba nitapiga vayolini, basi. Nikasema sawa. Nikapanda garini, nikafika mzunguko wa kwanza wa sokoni. Nikajiuliza, nani ataacha shughuli zake aende kumsikiliza mtoto anayemuona kila asubuhi akichagua nyanya? Nikafungua spika. Kilichotoka ni hiki: kwa mara ya kwanza mkoani Ruvuma, mpiga vayolini wa kimataifa, moja kwa moja kutoka Ulaya. Siku tatu nzima. Hata mimi mwenyewe siku ya tatu nilitamani kumuona huyo mtu.

Ukumbi ukajaa. Walimu walikuja, watu wa ofisini walikuja, wafanyabiashara walikuja, hata yule bwana mifugo aliyehamishiwa hapa kutoka Kagera alikuja amefunga tai. Ukatoka na gauni lako la kijani alilokushonea mama yako. Yule mama wa mbele, nasikia bado sauti yake, akasema, "Ulaya ipi hii? Huyu si Resti wa mwenye honi?" Ukumbi wote ukacheka. Wewe ukainama kidogo kama mwalimu wako Sista Benigna alivyokufundisha, ukaanza kupiga.

Nakiri nilikuwa nasikiliza watu, sikusikiliza muziki. Hiyo ndiyo kazi yangu. Ukamaliza kile kipande cha kwanza, ukashusha upinde, ukasimama. Kimya. Kimya kabisa, mwanangu, mpaka nikasikia mtu anameza mate. Nikajua tumekwisha, watu wamepoa, bidhaa inaozea mikononi. Nikaruka na maiki. "Songea mpo?" Wakaitika tupo. Nikawauliza kama wanasikia raha. Nikawapa ishara wale akina mama wa kikundi cha mama yako, ambao nilikuwa nimeshawapanga safu ya tatu tangu mchana, nao wakaachia vigelegele vya harusi. Wewe ulikuwa umesimama na upinde hewani, kama mtu aliyekatiwa simu katikati ya jambo la maana. Ulipoendelea uliendelea macho umeyafumba, na hukuyafumbua mpaka mwisho.

Tukiwa njiani kurudi ulisema neno moja tu, pale kwenye kituo cha mafuta. "Baba, pale nilipokuwa kimya nilikuwa bado napiga."

Nikasema sawa, kama mtu anavyomwambia daktari sawa. Sikuelewa. Nimelizungusha neno hilo kichwani miaka miwili, na mpaka leo nikilishika upande huu linaponyoka upande ule. Nikiwaza kwa akili ya biashara yangu ni sawa na mtu aseme pale gari langu lilipozimika lilikuwa bado linakwenda. Lakini wewe si mwongo. Mwongo wa nyumba hii tunamjua.

Kuna jambo jingine ambalo hukuniambia mimi, ulimwambia mama yako jikoni, naye alikaa nalo wiki nzima ndipo akanipa. Ulimuuliza, "Mama, kwani baba ananionea aibu? Mji huu amemtangaza kila mtu kwa jina lake na la baba yake. Mimi kanitangaza kwa jina la Ulaya."

Resti, hapo nilikaa chini. Mimi ni mtu wa kujisifia tairi la akiba. Najisifia mguu wangu huu uliovunjika Mbamba Bay, kwamba uliunga haraka kuliko mguu wowote uliowahi kuvunjika pale. Sasa kitu kimoja tu maishani nilichokuwa nacho cha kujisifia kwa haki, nikakificha. Na sababu haikuwa aibu juu yako. Niliona jina langu linanuka sumu ya panya. Nikadhani likikugusa, bei yako itashuka. Sikujua namna ya kukueleza hivyo, nikaamua kukununulia viatu vipya. Vile vyeusi. Ndiyo, vilikuwa msamaha, hukuambiwa tu.

Ungedhani mtu akishapigwa hivyo amejifunza. Sikiliza sasa.

Wiki tatu zilizopita, wewe ukiwa Maposeni kumuaga bibi, simu iliita. Dada mmoja, sauti imenyooka kama ya benki, shikamoo baba. Akasema yeye ndiye anayeshughulikia matangazo ya kikundi chenu. Akasema rekodi uliyowatumia wameipenda sana, na onyesho la kwanza wanataka kulijenga juu yako. Nikajikunja vizuri kwenye kiti. Akaniuliza ulianzaje. Nikaanza kumwambia ukweli, kwamba kulikuwa na Sista Benigna pale misheni, mzee, mwenye vayolini mbili, akakufundisha. Nikasikia akiandika polepole, kama mtu anayeandika orodha ya mahudhurio. Ndipo akauliza, kwa sauti ya huruma, "Na maisha, baba, yalikuwa magumu?"

Mwanangu, nilinusa biashara. Mtu akikaa kazini miaka ishirini na tano anajua mteja anataka kitambaa cha rangi gani kabla hajakitaja. Nikafungua. Nikamwambia hukuwa na vayolini, ulijitengenezea mwenyewe kwa debe la mafuta ya kula na nyaya za breki za baiskeli. Nikasikia kalamu inakimbia. Nikamwambia ulikuwa unafanya mazoezi chini ya taa ya barabarani, wakati mtaa wetu wote unajua taa hizo zimefika juzi tu. Nikamwambia ulikuwa unatembea pekupeku hadi misheni, kwenda na kurudi. Gari nikalikana kabisa. Alipouliza habari za mama, nikamlaza mama yako kitandani miaka mitatu kwa ugonjwa usiojulikana.

Mama yako alikuwa nyuma yangu na mwiko. Alinisubiri nikate simu, akaniuliza, "Mimi nilikuwa nimelazwa miaka mitatu? Na hilo shati ulilovaa lilikuwa linafuliwa na nani, na huo ugonjwa?"

Nikamwambia ni mambo ya kibiashara, hawezi kuelewa. Nilikuwa na furaha, nisikufiche. Siku ya pili dada alinitumia kwenye simu mfano wa bango. Wewe umesimama, picha nzuri, na juu yako maneno makubwa: Kutoka Debe hadi Jukwaani. Nilisema kimoyomoyo, huyu dada anaijua kazi. Mimi mwenyewe nisingepata maneno manne yanayovuta hivyo. Nililitazama bango lile kama fundi anavyotazama nyumba ya fundi mwenzake.

Halafu usiku nikaanza kuwaza. Watakuuliza. Mtu wa redio atakuuliza habari za debe. Watu wataomba ulilete waliguse. Wewe utasema debe gani? Na hapo, badala ya kupiga simu kurudisha maneno yangu, unajua baba yako alifanya nini? Nilikwenda Majengo kwa yule fundi wa majiko nikamwagiza debe.

Soma tena ukitaka. Nilimwambia achukue debe la mafuta, atie mti wa mninga kwa shingo na nyaya za breki kwa nyuzi. Akauliza la nini, nikasema maonyesho. Lilipokuwa tayari nililisugua kwa mchanga nikalipitisha kwenye moshi wa jiko, lionekane limeteseka. Nilipanga kulipenyeza kwenye mizigo yako, na kikaratasi cha kukueleza. Ushahidi, mwanangu. Mtu mwingine angesema uongo akaishia hapo. Mimi nikautengenezea na vipuri.

Jumapili iliyopita ulipokuwa kanisani nililitoa stoo nikajaribu kulipiga kwa upinde wako. Nisamehe hilo pia. Lilitoa sauti ya mbuzi aliyebanwa na mlango. Nikageuka, mama yako yuko pale amesimama, amerudi misa ya kwanza. Hakucheka. Nilitegemea atacheka. Aliuliza tu, "Huyu mtoto atalibeba hilo debe mpaka lini?"

Nikaweka upinde chini. Niliona kama nakuona huko mbele, umekuwa mkubwa, umepiga mambo makubwa ambayo mimi sitayaelewa, na kila unapomaliza mtu anainua mkono kuuliza habari za debe. Na wewe unatunga. Na ukitunga leo itabidi ukumbuke kesho ulitunga nini. Hiyo kazi naijua, inachosha kuliko kubeba magunia. Mara ya kwanza nilikupandisha ndege ambayo hukuipanda. Mara ya pili nikakuvua viatu ulivyokuwa umevaa. Zote mbili, ukiangalia, yule mtoto wa kweli hayupo, na baba yake hayupo. Nimekutangaza mara mbili na mara zote mbili nimesahau kukutaja.

Jana nikampigia dada. Nilikwenda kuegesha gari mbali, kule njia ya Matogoro, nisisikike. Nikamwambia kila kitu, na debe, na moshi. Akanyamaza. Nilijizuia kusema Dar mpo. Mwishowe akasema, "Nakushukuru kwa ukweli, baba. Lakini viti vinajazwa na nini?" Akanieleza kwamba wanaoujua muziki huu kwa muziki wenyewe ni wachache, na wote wanafahamiana. Wengine hawaji kwa ajili ya jina la mtunzi aliyekufa zamani huko kwao, wanakuja kwa ajili ya mtu aliye hai na maisha yake. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Yale yalikuwa maneno yangu, ameyapiga pasi tu. Na yeye ana bosi wake, na bosi ana ukumbi wa kulipia.

Akaniuliza, "Basi nipe ile ya kweli, baba. Inavuta?"

Hapo ndipo nilipopotelea, na hapo nipo mpaka sasa ninapoandika. Maana ile ya kweli haina mtu anayelia. Mtoto alikuwa na viatu. Mama alikuwa mzima, tena mwenye nguvu za kutosha za kunifuata na mwiko. Sista alikuwa mpole. Ulirudia mstari uleule mpaka kuku wa nyumbani wakaujua. Nani ataoga jioni, avae, atoke nyumbani kwa ajili ya hilo? Na kama uongo wangu unamleta mtu mlangoni, akakaa, akakusikia wewe kwa kweli, je, nimetenda dhambi au nimefanya kazi? Nimeligeuza pande zote. Upande mmoja linasema dhambi, upande wa pili linasema kazi, na mimi ni darasa la saba.

Nikakumbuka kitu cha Sista Benigna. Ulipokuwa mdogo, mwaka wako wa pili, nilimpa ofa nitangaze bure yale mazoezi yenu ya Jumamosi. Akakataa akacheka. Akachukua karatasi, akaandika kwa mkono, akaibandika kwenye mlango wa kanisa: Jumamosi saa kumi, vayolini, karibuni. Nikamwambia Sista, hilo si tangazo, hiyo ni kama alama ya choo. Walikuja watu wasiofika kumi na wawili. Nilicheka sana siku hiyo. Lakini Jumamosi iliyofuata walikuja walewale, na iliyofuata walewale. Watu wangu wa ukumbi wa parokia, waliojaa mpaka madirishani, sijawahi kuwaona tena. Sijui hesabu hiyo inasema nini. Nakupa ilivyo, wewe una shule.

Dada amesema hivi: mwenye jina akija tutakaa naye. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi kabla ya kuchapa, nenda kwake. Si mtu mbaya. Ukiamua debe libaki, sitakulaumu, nitakuwa mtu wa mwisho duniani mwenye haki ya kukulaumu. Lakini amua wewe, usiamuliwe na mimi. Na ukitaka lile jingine, nimejaribu kuliandika. Nimelifuta mara nyingi, mkono ulikuwa unakwenda wenyewe kwenye neno kimataifa. Ni hili:

Restituta amezaliwa Mjimwema, Songea. Alifundishwa vayolini na Sista Benigna. Kwenda mazoezini alikuwa anapelekwa na gari la matangazo la baba yake, vayolini mapajani, na juu ya gari honi zikitangaza mbolea.

Mama yako amelisoma, akacheka mpaka akaweka chini mboga. Sijui ni dalili nzuri au mbaya. Mimi naliona dogo sana, nimelitazama kama mtu aliyetumwa dukani na kikapu akarudi na limau moja. Ila ni limau lako. Hicho kipande cha mwisho cha gari, ukiona kinakushushia bei, kikate. Nasema kikate, na moyo wangu unasema usikikate. Chukua unachotaka.

Debe liko stoo nyuma ya magunia. Sitalitia kwenye mizigo. Kuna kuku ameshaanza kulizunguka kwa matumaini.

La mwisho. Kesho alfajiri nakupeleka stendi. Nilikuwa nimeshapanga jambo, na mama yako ameligundua: kukutangaza njia nzima, kuanzia hapa Mjimwema mpaka mlango wa basi, kwa jina lako na langu, kwa sauti ya juu kabisa, kulipa deni la ile siku ya Ulaya. Nimelala nalo, nimeamka nalo, na nimeona kwamba hiyo nayo ningeipiga kwa ajili yangu. Honi zitakuwa juu ya gari, zimezimwa. Watu watatushangaa. Ukiona kimya kimeingia garini, tukipita pale kwenye kituo cha mafuta, usidhani baba yako ameishiwa maneno. Lile neno lako bado sijalielewa lote. Kesho nitajaribu kulipiga.

Ni mimi, baba yako, mwenye honi

Mama yako anasema popote watakapokuandika, iandikwe kwamba yeye hajawahi kulazwa.